Kijana aliyetumwa ng'ambo akakaa miaka 22



Kila mwaka ukifika msimu huu, katika sharika zetu nyingi hujitokeza jambo lile lile. Matangazo yakiisha, mchungaji humwita kijana mmoja mbele ya madhabahu. Amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, viza imetoka, tiketi imekatwa. Wazee wa kanisa humzunguka, mama yake hupiga magoti pembeni akifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na kusanyiko zima humwombea. Kisha kinamama huimba pambio, bahasha ya mchango hupitishwa, na wiki inayofuata kijana hayupo.

Tunachokisahau mara nyingi ni kuendelea na yule kijana baada ya ndege kuondoka. Mwaka wa kwanza tunamtaja katika sala. Mwaka wa pili tunamuulizia kwa mama yake. Mwaka wa tano tunaanza kunong'ona kwamba amepotelea huko. Leo naomba tutembee pamoja na kijana mmoja wa Afrika aliyetumwa na kanisa kwenda kusoma Marekani mwaka 1898, akakaa huko miaka 22 kabla ya kukanyaga tena ardhi ya nyumbani. Jina lake ni James Emman Kwegyir Aggrey. Wapo wazee wanaolikumbuka jina hilo kutoka kwenye vitabu vya shule. Vijana wengi hawalijui kabisa.

Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 katika mji wa Anomabu, pwani ya nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Alikuwa Mfante. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mfalme. Kwa watu wa huko hicho ni cheo kikubwa, kwa kuwa mfalme hasemi na watu moja kwa moja. Maneno yake hupita kwa msemaji, naye huyapamba kwa methali na kuyafikisha kwa heshima. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia kwenye nyumba ambayo kusema vizuri ilikuwa ndiyo kazi.

Wamisionari wa Kimethodisti walikuwa wamekwisha kufika pwani ile, na kijana akabatizwa na kupewa jina la James. Akasoma katika shule ya misheni mjini Cape Coast, akilelewa kwa karibu na mmisionari mmoja Mwingereza, Dennis Kemp. Alikuwa na kiu ya kitabu isiyo ya kawaida. Akiwa bado kijana mdogo alipelekwa kijijini kufundisha watoto, na siku ya Jumapili akawa anahubiri. Baadaye alirudishwa Cape Coast kufundisha, akashiriki pia katika kazi ya kutafsiri Maandiko kwa lugha ya Kifante. Kwa kipimo cha siku zile, alikuwa amefika. Mwalimu wa misheni alikuwa mtu wa kuheshimiwa, mwenye kanzu safi na mshahara wa uhakika. Angeweza kubaki pale pale, akaoa, akajenga, akazeeka kwa amani.

Lakini mwaka 1896 kanisa la Wamarekani weusi liitwalo African Methodist Episcopal Zion lilimchagua askofu mpya, John Bryan Small. Yeye alizaliwa kisiwani Barbados, na ujanani alikuwa amewahi kuishi Gold Coast na kujifunza lugha ya watu wa pwani. Hakuisahau nchi ile. Alipopata uaskofu alirudi kutafuta vijana wenye vipawa, awapeleke Marekani wakasome katika chuo cha kanisa lake, kisha warudi kulihudumia kanisa nyumbani. Mmoja aliyemwona ni Aggrey. Makubaliano yalikuwa ya wazi: unaenda, unasoma, unarudi.

Mwezi Julai 1898 Aggrey alipanda meli. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Sisi tuliozoea kuagana pale uwanja wa ndege, mtu akiingia ndani huku simu iko mkononi, hatuwezi kuijua vizuri safari ile. Pwani ya Gold Coast wakati huo haikuwa na bandari ya meli kubwa. Meli ilitia nanga mbali, na msafiri alibebwa kwa mtumbwi mkubwa uliopigwa makasia na wavuvi, wakiyakata mawimbi makali ya ufukweni. Wengi walilowa kabla hata safari haijaanza. Waliobaki nchi kavu waliutazama mtumbwi ukipanda na kushuka hadi ulipoifikia meli. Njia ya kwenda Marekani ilikuwa ndefu, kwa kupitia Uingereza, na barua ilichukua wiki nyingi kufika. Mzazi aliyemsindikiza mwanawe ufukweni alijua kwamba huenda hatamwona tena.

Chuo alichokwenda kilikuwa katika mji mdogo wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Kilianzishwa mwaka 1879 kwa ajili ya watu weusi waliokuwa wametoka utumwani miaka michache tu nyuma, nacho kiliitwa Livingstone College, kwa heshima ya David Livingstone. Sisi wa huku tunalijua jina hilo kwa namna ya pekee. Ni huyu huyu ambaye alipofariki mwaka 1873, akina Chuma na Susi waliubeba mwili wake kwa miezi mingi kutoka bara hadi Bagamoyo, ndipo ukasafirishwa kwenda kuzikwa London. Miaka 25 baada ya kifo chake, Mwafrika wa Anomabu akavuka bahari kwenda kusoma katika chuo chenye jina lake, kilichokuwa mikononi mwa wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari ile ile wakiwa wamefungwa minyororo.

Usidhani alifika mahali pa raha. Novemba 1898, katika mwaka ule ule wa safari yake, katika mji wa Wilmington wa jimbo hilo hilo, wazungu wenye silaha waliuangusha kwa nguvu uongozi wa mji uliochaguliwa kihalali, wakachoma gazeti la mtu mweusi na kuua watu weusi wengi. Mwaka 1900 jimbo lilibadili katiba yake kwa namna iliyowanyima watu weusi wengi haki ya kupiga kura. Kwenye treni, hotelini na mitaani palikuwa na mahali pa mzungu na mahali pa mweusi. Mwana wa msemaji wa mfalme, aliyekuwa mwalimu wa kuheshimiwa kwao, alijikuta katika nchi ambayo heshima yake ilipimwa kwa rangi ya ngozi.

Hapa ndipo wengi huvunjika. Nimeongea na wazazi ambao watoto wao walipofika ng'ambo waliandika ujumbe wakitaka kurudi kabla muhula wa kwanza haujaisha. Baridi, upweke, chakula kigeni, na lile la kuingia darasani ukahisi kila jicho linakuuliza umefuata nini hapa. Kijana anayekutana na hayo hana deni la aibu kwa mtu yeyote. Anahitaji mtu wa kumpigia simu na kumwombea kwa jina.

Aggrey aliinama kwenye vitabu. Alisoma Kigiriki na Kilatini, akasoma fasihi, akaimba, akajizoeza kuhutubia. Mwaka 1902 alihitimu shahada ya kwanza kwa heshima. Miaka minne ilikuwa imetimia, na kwa mujibu wa makubaliano huu ndio ulikuwa wakati wa kurudi.

Hakurudi.

Chuo kilimwomba abaki afundishe, akakubali. Akapewa upadrisho katika kanisa lake. Miaka michache baadaye alimwoa Rose Douglass, binti wa Portsmouth katika jimbo la Virginia, wakajenga nyumba Salisbury, wakapata watoto. Mwaka ukazaa mwaka. Kule Anomabu watoto aliowafundisha kusoma wakawa watu wazima. Naamini wako waliosema kwamba kijana wa Kwegyir amekwisha kuwa Mmarekani.

Ndugu msomaji, sitaki kumtetea kupita kiasi. Ahadi ni ahadi, na kanisa lililokutuma lina haki ya kukungoja. Lakini tazama alichokuwa anakifanya katika miaka hiyo. Mwaka 1914 alikubali kuwa mchungaji wa makanisa mawili madogo ya shamba, nje ya mji wa Salisbury. Waumini wake walikuwa wakulima maskini, wengi wakilima pamba kwenye ardhi ya wengine na kukopa mbegu na chakula kwa riba iliyowamaliza kila msimu. Msomi wa Kigiriki na Kilatini akajifunza habari za udongo, mbolea na ufugaji wa kuku ili aweze kuwasaidia. Akawahimiza wakulima wale kuunganisha senti zao katika chama cha kuweka na kukopa, kama hizi SACCOS tulizo nazo leo, ili watoke mikononi mwa wakopeshaji. Akawahimiza kununua ardhi yao wenyewe. Ibada yake haikuishia mlangoni pa kanisa.

Wakati huo huo hakuacha kusoma. Likizo ya kiangazi ilipofika alipanda treni kwenda New York, Chuo Kikuu cha Columbia, akakaa darasani na vijana waliokuwa na nusu ya umri wake. Alikuwa baba wa familia, mchungaji na mwalimu, na bado alikuwa mwanafunzi.

Katika Maandiko yuko mtu anayefanana naye. Musa alielimishwa katika hekima yote ya Misri, kisha akakaa Midiani miaka arobaini, akaoa huko, akapata watoto huko, akachunga kondoo wa mkwewe. Stefano anatusimulia hayo katika Matendo ya Mitume sura ya 7. Kwa macho ya ndugu zake waliobaki utumwani, Musa alikuwa amepotea. Kwa macho ya Mungu alikuwa anaandaliwa. Jangwa alilolizoea akiwa mchungaji wa kondoo ndilo jangwa alilokuja kuwavusha watu. Haimaanishi kwamba kila anayechelewa kurudi anaandaliwa na Mungu. Ina maana kwamba sisi tunaosubiri hatuna haki ya kufunga kitabu cha mtu kabla Mungu hajakifunga.

Kijiti cha Aggrey kilichowaka moto kilikuja mwaka 1920. Taasisi moja ya Marekani, Phelps-Stokes Fund, iliunda tume ya kuzunguka Afrika kuchunguza elimu ya Waafrika. Aggrey aliingizwa katika tume hiyo, Mwafrika pekee kati yao. Ndivyo alivyorudi Gold Coast baada ya miaka 22. Aliondoka akiwa na miaka 22 na akakaa mbali 22, yaani nusu ya maisha yake hadi siku ile aliitumia ugenini.

Tume ile ilikwenda Afrika ya Magharibi, Kongo, Angola na Afrika Kusini. Kila walipofika, watu walifurika kumsikiliza. Huyu hapa mtu mweusi mwenye elimu kubwa, anayesimama kati ya wazungu bila kujikunyata na bila kuwatukana. Mfano wake uliosambaa zaidi ni wa piano: vibonye vyeupe peke yake vinaweza kutoa wimbo wa namna fulani, na vyeusi peke yake vivyo hivyo, lakini muziki kamili unahitaji vyote viwili. Mwingine ni ule wa tai aliyelelewa na kuku hadi akasahau kuruka, mpaka mtu mmoja alipompandisha mlimani na kumwelekeza kwenye jua. Wahubiri wetu wengi huusimulia mfano huo hadi leo bila kujua ulivumishwa na nani.

Mwaka 1924 tume ya pili ilikuja huku kwetu. Aggrey alipita Kenya, Uganda, Zanzibar na Tanganyika, kisha akaendelea kusini. Kenya ya wakati ule ilikuwa nchi ya walowezi, na Mwafrika alilazimishwa kutembea na kipande. Tunaweza kuwaza walichojisikia vijana wa misheni walipomwona Mwafrika mwenzao akiketi meza moja na magavana. Hapa Dar es Salaam, simulizi ya familia ya Sykes inaeleza kwamba Kleist Sykes alikutana naye katika ziara hiyo, na kwamba Aggrey ndiye aliyemtia moyo wa kuwaunganisha Waafrika katika chama kimoja. Mwaka 1929 African Association ilianzishwa, Cecil Matola akiwa rais na Kleist katibu. Wasomaji wa historia yetu wanajua chama hicho kilizaa nini baadaye.

Si wote waliompenda. Wafuasi wa Marcus Garvey walimwona ni chombo cha wazungu, mtu wa kuwatuliza weusi wakati wanaonewa. Wengine walilaumu tume kwa kusisitiza elimu ya jembe na useremala, wakihofia kwamba Mwafrika ananyimwa ile elimu ya juu ambayo Aggrey mwenyewe aliipata. Lawama hizo zilikuwa na uzito, na hata leo tunaweza kuzijadili. Mtu wa upatanisho hupigwa mawe kutoka pande zote mbili.

Mwaka huo huo wa 1924 ahadi ya zamani ilitimia. Gavana Guggisberg wa Gold Coast alikuwa anajenga chuo kikubwa huko Achimota, karibu na Accra, chini ya mkuu wake, Alexander Fraser. Aggrey aliitwa awe makamu msaidizi wa mkuu wa chuo. Alikubali, ingawa wapo Waafrika waliomcheka kwa kukubali kuwa chini ya mzungu, na wapo wazungu waliochukia kumwona pale. Alisisitiza kwamba wasichana wasome pamoja na wavulana, jambo lililowashangaza wengi. Nembo ya chuo ikachorwa vibonye vya piano, vyeupe na vyeusi. Chuo kilifunguliwa rasmi Januari 1927.

Aggrey hakukaa kuyaona matunda. Mwezi Mei mwaka huo alipewa likizo, akaenda Marekani kuiona familia yake na kumalizia tasnifu yake ya udaktari pale Columbia. Mtoto wake mdogo, Rudolph, alikuwa amezaliwa mwaka mmoja tu nyuma. Mwishoni mwa Julai aliugua ghafla mjini New York, homa ya uti wa mgongo, na tarehe 30 Julai 1927 akafariki. Alikuwa na miaka 51. Tasnifu ilibaki mezani. Walimzika Salisbury, mji ule aliouendea akiwa kijana.

Kwa hesabu za kibinadamu, maisha hayo yana hasara nyingi. Ahadi ilichelewa zaidi ya miaka ishirini. Kazi ya nyumbani ilidumu chini ya miaka mitatu. Shahada ya mwisho haikupatikana. Kaburi liko ugenini. Lakini mwaka 1920 kijana mmoja wa Lagos, Nnamdi Azikiwe, alikuwa amemsikia Aggrey akihubiri, na toka siku hiyo hakutulia hadi alipokwenda Marekani kusoma. Pale Accra, mwanafunzi mmoja wa ualimu aliposikia kifo chake alishindwa kula kwa siku tatu, naye mwaka 1935 akapanda meli kufuata njia ile ile. Jina lake ni Kwame Nkrumah. Wawili hao walikuja kuwa marais wa kwanza wa Nigeria na Ghana. Naye Rudolph, mtoto aliyemwacha mchanga, alikua akawa balozi wa Marekani nchini Senegal na Gambia, akairudia Afrika ya Magharibi kwa niaba ya baba yake.

Ndugu zangu, nina maneno matatu ya kumalizia.

La kwanza ni kwa kijana unayesafiri mwezi huu. Umetumwa. Nauli yako ina sadaka ya mama muuza vitumbua ndani yake. Soma kwa bidii, lakini usisubiri kurudi nyumbani ndipo uanze kuwa na faida. Aggrey aliwatumikia wakulima wa ugenini kama angewatumikia wa Anomabu. Huko uendako yupo Mungu yule yule, na wapo maskini vile vile. Na ule ufunguo wa nyumbani usiutupe.

La pili ni kwa uliyekaa huko miaka mingi, unaona aibu hata kupiga simu kwa kuwa uliahidi miaka minne na sasa ni kumi na tano. Piga simu leo. Mungu hajakufungia kitabu chako. Nyumbani wanataka kukusikia kuliko wanavyotaka zawadi.

La tatu ni kwetu tuliobaki. Hana, mama yake Samweli, alimtoa mwanawe kwa Bwana akiwa mdogo, lakini kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea, kama tunavyosoma katika Samweli wa Kwanza sura ya 2. Alijua mtoto anakua, na kanzu ya mwaka jana haimtoshi tena. Nasi tuwe na orodha ya vijana wetu walio mbali. Isomwe katika sala ya kanisa, si mwaka wa kwanza tu. Mzee mmoja wa kanisa apewe kazi ya kuwapigia. Tukimtuma mtoto kwa bahasha na pambio halafu tukanyamaza, tusishangae akinyamaza naye.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlinda Musa Midiani na Yusufu Misri, walinde watoto wetu walioko mbali. Wape marafiki wema, wape mkate, waondolee woga. Wanaopaswa kurudi uwarudishe kwa wakati wako, na wanaobaki uwafanye baraka pale walipo. Wazazi wanaongoja simu usiku wa leo, uwafariji. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Nawatakia Jumapili njema.